Kumfuga Labrador Uganda: tabia yake, chakula chake na kupe wetu

Wanaotuuliza kuhusu Labrador huwa na swali moja mbele ya mengine yote: je, ni mkali? Jibu ni hapana, na hakuna mafunzo yatakayomfanya mkali bila kumharibu. Anayetaka mbwa wa kuogopesha wezi, awe Ntinda au Mbarara, atafute wa aina nyingine. Labrador atabweka mgeni akigonga geti, kisha geti likifunguliwa atampokea kwa kutikisa mkia.

Upole huo umetokana na kazi. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, waliojitosa kwenye maji ya baridi kali kuvuta kamba za nyavu na kuokota samaki walioponyoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 walipelekwa Uingereza, na huko wenye mashamba makubwa wakawakuza kuwa mbwa wa kuokota ndege waliopigwa risasi. The Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili aina za mbwa, kiliwatambua rasmi mwaka 1903. Mbwa huyu alitakiwa kutulia kando ya mwindaji, kukariri mahali ndege alipoangukia, kumfuata hata majini, na kumleta mkononi bila kumtoboa kwa meno. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mbwa anayegombana na wenzake au kuwarukia wageni. Inafanywa na mbwa anayependa kumtazama binadamu usoni akisubiri kuambiwa.

Hapo ndipo ufugaji wetu unapomkosea. Katika nyumba nyingi za Kampala mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku kulinda ua. Labrador akiwekwa hivyo, atabweka mfululizo, atafukua bustani, atatafuna ndala na mabomba ya maji, na siku akifunguliwa atamwangusha mtoto kwa furaha. Kisha tunaletewa kliniki mbwa anayeitwa mkorofi. Kwa maoni yangu wengi wa mbwa hao hawana ukorofi wowote. Wana nguvu za mbwa wa kilo 30 na hawana mtu wa kufanya naye kazi.

Mpe kazi. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, lakini Labrador hahitaji ndege halisi. Tupa mpira au gunia dogo lililojazwa matambara, mwambie akae, asubiri kidogo, halafu mtume akalete. Lifiche nyuma ya migomba alitafute kwa pua. Dakika ishirini za mchezo huu humchosha akili kuliko saa nzima ya kukimbia ovyo uani, ingawa matembezi nayo ni lazima: mbwa mzima mwenye afya anahitaji kama saa mbili kwa siku. Zigawe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu manyoya yake ya tabaka mbili yaliumbiwa maji ya baridi, na lami ya mchana huunguza nyayo. Akipumua kwa kasi huku ulimi umegeuka mwekundu sana na anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Akiogelea, mkaushe masikio. Yamelala, na unyevu ukibaki ndani huleta maambukizi.

Kuhusu chakula nitakaa kidogo, kwani hapo ndipo mapenzi yetu yanapomuumiza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba takriban robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na kuuambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Mbwa huyo hakuigizii njaa, anaihisi kweli. Katika kundi la Labrador wanaosaidia watu wenye ulemavu, watafiti hao waliikuta hitilafu hiyo kwa robo tatu, huenda kwa sababu mbwa anayependa chakula hufundishika upesi. Tumia tabia hiyo: toa vipande vidogo kwenye sahani yake ya siku viwe malipo ya utii.

Kumnyima kidogo si ukatili. Utafiti mmoja wa Marekani uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote, na waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi na kuchelewa kuumwa viungo. Aina hii tayari ina udhaifu wa nyonga na viwiko, hivyo kila kilo ya ziada ni mzigo juu ya kidonda. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane.

Posho, yaani ugali wa mahindi, peke yake humnenepesha bila kumjenga. Changanya na nyama au mukene (dagaa), lakini mukene wa kulishia mifugo huwa na mchanga mwingi. Uoshe vizuri kabla ya kuupika. Unga au pumba za mahindi zilizoota ukungu zitupe kabisa. Sumu ya ukungu huo huharibu ini la mbwa, na kuichemsha hakuiondoi.

Sasa kupe. Hapa Uganda ndio adui wa mwaka mzima wa mbwa huyu, na manyoya yake mazito huwaficha. Mpapase kila jioni masikioni, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Akikataa chakula, jambo la nadra kwa Labrador, usingoje kesho. Fizi zilizopauka, mkojo wa rangi ya chai nzito au damu puani ni dalili za magonjwa ya kupe, na tiba inategemea kipimo cha damu. Nawasihi sana wafugaji: msimwogeshe mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe mliyokadiria kwa kizibo, wala msimchome sindano iliyobaki ya ndama. Nguvu ya dawa hizo na uzito wa mbwa havilingani, na watoto wa mbwa hufa kwa hilo.

Ukinunua mtoto wa Labrador, asiwe chini ya wiki nane, na uombe kumwona mama yake. Mama mwoga au mkali ni sababu ya kutosha kuondoka. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa hatari ya virusi ya mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa hadi wiki ya kumi na sita. Kabla hazijakamilika usimshushe chini sokoni wala barabarani, ila mbebe akaone watu, boda boda na watoto wa shule, maana wiki hizo ndizo anazojifunza nini si cha kuogopa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Usiiruke kwa kuwa mbwa wako ni mpole. Mbwa mpole huambukizwa na mbwa wa njiani kama mwingine yeyote. Mtu akiumwa na mbwa, hata kwa mkwaruzo mdogo, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na ofisa wa mifugo wa wilaya apewe taarifa ili mbwa achunguzwe akiwa hai.