Folki metali, metali ya kipagani, metali ya Kiselti: majina haya yanasema nini

Chukua bendi moja tu: Eluveitie, ya Winterthur, Uswisi. Ukiitafuta mtandaoni utaikuta imebandikwa majina manne kwa mpigo: folki metali, metali ya kipagani, metali ya Kiselti, na dethi metali ya melodi. Msikilizaji mgeni huishia kujiuliza lipi ndilo sahihi. Yote ni sahihi, kwa sababu hayapimi kitu kimoja. La kwanza linahusu ala na tuni, la pili linahusu imani au msimamo, la tatu linahusu watu na asili yao, na hilo la mwisho ndilo pekee linalohusu namna gitaa na drumu zinavyopigwa. Ni kama Bongo Fleva: jina linakuambia wimbo umetoka wapi, lakini humo ndani utakuta rap, zuku, R&B na hata harufu ya singeli. Anayetaka jina moja limweleze kila kitu atabishana mpaka kuche.

Tuanze na folki metali, maana ndiyo pana zaidi. Metali yenyewe wengi wanaijua hata kama hawaipendi: magitaa ya umeme yanayokoroma, drumu zinazokimbia, mwimbaji anayenguruma au kupaza sauti hadi juu kabisa. Ukiingiza humo muziki wa jadi wa mahali fulani, na ukaupa kazi ya kweli ndani ya wimbo badala ya kuuweka kama pambo la sekunde kumi za mwanzo, umepata folki metali. Bendi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ni Skyclad ya Newcastle, Uingereza, iliyoanzishwa 1990. Kwenye albamu yao ya kwanza ya 1991 kuna wimbo uitwao The Widdershins Jig, ambamo fidla inacheza jigi, ile ngoma ya vijijini ya Uingereza na Ayalandi, bega kwa bega na gitaa la umeme. Baadaye wakamchukua mpiga fidla awe mwanabendi kamili, na wengine wakaona kumbe inawezekana.

Lakini jadi haiingii kwa ala peke yake. Watu wa Visiwa vya Faroe wana ngoma ya duara isiyo na ala yoyote: hushikana mikono, hupiga hatua mbili kushoto na moja kulia, huku wakiimba tenzi ndefu za mashujaa, ubeti baada ya ubeti. Bendi ya huko, Týr, ilichukua Ormurin Langi, utenzi uliotungwa karne ya 19 juu ya merikebu ya mfalme Olaf Tryggvason wa Norwei, ikaurekodi kwa magitaa mazito mwaka 2002. Humo hamna fidla wala filimbi. Cha jadi ni tuni na ule mwendo wa miguu, na bado hakuna anayeweza kusema si folki. Finland nako Finntroll walichanganya bleki metali, tawi la metali lenye giza na kasi, na humppa, dansi ya haraka ya kodiani, wakaimba kwa Kiswidi visa vya mazimwi wa msituni. Ni muziki wa kuchekesha na wenyewe wanajua.

Metali ya Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa Skandinavia ya kale, ni jambo jingine, na haitaki maelezo mengi. Hapa ala za jadi zinaweza zisiwepo kabisa. Kinachotajwa ni mada. Bathory ya Uswidi, ambayo kwa kweli ilikuwa kijana aliyejiita Quorthon na wenzake wa kupita, ilianza kwa kuimba habari za shetani. Kuanzia albamu ya 1988 na hasa Hammerheart ya 1990, ikageukia miungu ya Skandinavia, merikebu na wazee wa kabla ya ubatizo, kwa mwendo wa taratibu na kwaya nzito. Mgeuko huo una mantiki yake. Shetani ni mhusika wa Biblia, na anayemwimba bado yumo ndani ya nyumba ya Kanisa hata akivunja madirisha yake. Anayemwimba Odin, mkuu wa miungu ya Skandinavia, ametoka nje.

Hapo ndipo jina la kipagani linapoingia. Kwa msomaji wa Kiswahili lina ukakasi, kwa sababu kwetu mpagani ni jina ambalo mtu alibandikwa na wengine, mara nyingi na mmisionari, na ni nadra mtu kujiita hivyo. Bendi za Ulaya kaskazini zililivaa zenyewe, kifua mbele. Wengine wao ni waumini kweli. Upagani mpya wa Ulaya ni dini zenye watu na taratibu zake: nchini Uingereza, Gerald Gardner alitangaza Wicca hadharani katika miaka ya 1950, Iceland chama cha wafuasi wa miungu ya kale, Ásatrúarfélagið, kiliundwa 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Hata jina la Skyclad limetoka katika Wicca: ni neno la kuabudu bila nguo, mtu akiwa amevikwa anga tu. Kwa wengine wengi, hata hivyo, upagani ni njia ya kuwakumbuka mababu, kuipenda ardhi na misitu yao, au kuonyesha kwamba hawana deni kwa Kanisa. Hawachinji wala hawatambiki. Ukiona jina la metali ya kipagani usikimbilie kudhani unasikiliza ibada.

Kimuziki, jina hili hupewa bendi zenye giza na uzito kuliko zile za kuimba huku bia ikimwagika. Mfano mzuri ni Moonsorrow ya Helsinki: albamu yao ya 2007, V: Hävitetty, ina nyimbo mbili tu, na mmoja unachukua nusu saa. Kodiani na kwaya zimo, ila hakuna atakayeuchezesha harusini.

Sasa Kiselti, ambako mambo yanakuwa matamu na magumu kwa pamoja. Waselti wa kale walienea sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi na ya kati kabla ya Warumi. Julius Caesar alipigana nao na kuandika habari zao. Leo neno hilo linashikamana na lugha sita: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, lugha ya kisiwa cha Man, Kiwelisi, lugha ya Cornwall na Kibretoni cha Ufaransa. Kwamba lugha hizi ni ndugu lilielezwa kitaalamu na Edward Lhuyd wa Wales mwaka 1707, na ni tangu wakati huo watu wa Ayalandi na Uskoti walipoanza kujiita Waselti. Wapiganaji wa Ayalandi ya karne ya 10 wasingekuelewa ukiwaita hivyo. Kwa hiyo bendi inapojiita ya Kiselti inachukua utambulisho wa enzi mpya uliojengwa kwa matofali ya zamani.

Ukitaka kuona ujenzi huo kwa karibu, sikiliza Inis Mona, wimbo maarufu kuliko zote za Eluveitie, kutoka albamu ya Slania ya 2008. Jina ni la kisiwa cha Anglesey huko Wales, ambacho Warumi walikiita Mona. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia jinsi majeshi yao yalivyokivamia karibu na mwaka 60 na kufyeka misitu mitakatifu ya madruidi, makuhani wa Waselti. Tuni yake lakini si ya Wales. Ni Tri Martolod, wimbo wa mabaharia watatu kutoka Bretagne, ambao Alan Stivell aliupa umaarufu miaka ya 1970. Maneno ni ya Kiingereza, na magitaa yanafuata mtindo wa Gothenburg, Uswidi, yaani ile dethi metali ya melodi. Ile filimbi ya bati inayoonekana ya kale sana imekuwa ikitoka kiwandani tangu 1843, Robert Clarke alipoanza kuitengeneza na kuiuza Manchester. Na ile ala yenye mvumo usiokatika ni hurdigurdi: mpigaji anazungusha mkono wa chuma, gurudumu dogo la mbao linasugua nyuzi, huku vidole vikibonyeza vitufe. Ni ala ya Ulaya ya zama za kati, iliyokuja zaidi ya miaka elfu moja baada ya Caesar kuzikwa. Na wanaopiga vyote hivyo ni watu wa Uswisi, nchi ambayo haina hata kijiji kimoja kinachozungumza Kiselti.

Je, ni ulaghai? Sidhani. Waswisi wenyewe bado wanaandika Helvetia kwenye stempu zao, jina litokanalo na Wahelveti, kabila la Kiselti lililoshindwa na Caesar mwaka 58 kabla ya Kristo. Eluveitie ni namna ya kale ya jina hilohilo, iliyokutwa imekwaruzwa kwenye chombo cha udongo huko Mantua, Italia. Halafu bendi hii imefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi: imeimba kwa Kigalia, lugha ya Kiselti iliyokufa yapata miaka 1500 iliyopita, kwa msaada wa wataalamu. Kwenye albamu yao ya 2009, Evocation I, isiyo na magitaa ya umeme kama nguzo, wimbo wa Dessumiis Luge umechukua maneno ya kibao cha risasi kilichopatikana 1971 kwenye chemchemi ya Chamalières, katikati ya Ufaransa. Mtu fulani alikichora maombi kwa mungu Maponos akakitupa majini. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya maana ya baadhi ya mistari yake, na bendi ikaichukua ikaiimba.

Ayalandi uselti si suala la makumbusho. Lugha ipo, ingawa imejeruhiwa, na kumbukumbu ya kutawaliwa na Waingereza iko karibu. Njia ilikuwa imesafishwa na Horslips, bendi ya roki iliyotoa The Táin mwaka 1973 kutokana na utenzi wa kale wa vita vya kugombea fahali. Rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ya wimbo wao Dearg Doom imejengwa juu ya tuni ya jadi iitwayo O'Neill's March. Cruachan, iliyoanzishwa Dublin 1992, ikaendelea kutoka hapo kwa uzito wa metali: filimbi, mazumari ya mfuko wa ngozi, na bodhrán, ambayo ukiiona utasema ni dufu. Jina lao ni la makao ya malkia Medb katika utenzi huohuo, pale Rathcroghan, kaunti ya Roscommon. Albamu yao ya kwanza, Tuatha na Gael, ilitoka 1995.

Kuna kichekesho hapa ambacho mashabiki wa upagani hawakipendi sana. Madruidi hawakuacha maandishi ya dini yao. Hadithi za Medb na shujaa Cú Chulainn zimetufikia kwa sababu watawa wa Kikristo waliziandika. Kitabu cha kale zaidi kilicho nazo, Lebor na hUidre, kinahusishwa na monasteri ya Clonmacnoise na ni cha mwaka 1100 hivi. Bendi inayolaani msalaba imepokea miungu yake kutoka mkononi mwa mtawa.

Primordial, kutoka Skerries kaskazini ya Dublin, inaonyesha kwamba uselti hauhitaji hata miungu. Hawategemei filimbi, hisia ya kwao inatoka katika mapigo ya sita yanayoyumba na tuni za maombolezo. The Coffin Ships, wimbo wao wa 2005, unahusu meli zilizobeba wakimbizi wa Njaa Kuu ya kuanzia 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine zaidi ya milioni. Hao waliokufa walikuwa wengi wao Wakatoliki. Huu nao huitwa metali ya kipagani kwenye orodha nyingi, jambo linalokuonyesha jinsi jina hilo lilivyolegea.

Kulegea huko kuna hatari yake. Mwaka 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa kwa moto uliohusishwa na kundi la bleki metali la Norwei, na tangu hapo picha ya mpagani mwenye gitaa haijasafika kabisa. Baya zaidi, Manazi walitumia herufi na alama za kale za Kijerumani, na wafuasi wao wa leo wanazitumia bado. Bendi chache zimo humo kwa makusudi. Nyingi hazimo, lakini zinajikuta zikijieleza. Týr walishutumiwa, wakajibu 2011 kwa wimbo Shadow of the Swastika, kukataa kubebeshwa dhambi hizo kwa sababu tu ya kuimba mambo ya mababu. Mimi naona msikilizaji ana haki ya kuuliza: anayesema damu na ardhi anamaanisha historia ya kijiji chake, au anachagua nani afukuzwe? Jina la aina ya muziki halijibu swali hilo. Soma maneno ya nyimbo.

Na ili mtu asidhani folki metali na upagani ni pacha, kuna Orphaned Land ya Israeli, inayofanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenyewe huiita metali ya Mashariki. Ala yao ni udi, ileile ya taarabu, na wanaimba kwa Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu. Albamu yao ya 2004, Mabool, inasimulia gharika kupitia ndugu watatu wanaowakilisha Uyahudi, Ukristo na Uislamu. Wana mashabiki wengi Waarabu, na mpagani hamna humo hata mmoja.