Kikapu cha Waya wa Simu: Jinsi Ninavyotafuta Kilikotoka

Vikapu vya waya wa simu hunifikia vikiwa na maneno matatu kwenye kikaratasi: "Kizulu, Afrika Kusini". Wakusanyaji wengi huridhika na hayo. Mimi siridhiki. Sanaa hii ni changa, watu walioiona ikianza bado wapo, na baadhi ya mabingwa wake wanajulikana kwa majina. Kisha kikapu chenyewe, ukikigeuza mkononi na kukitazama vizuri, hueleza mengi.

Naanza na umbo. Kabla ya waya kulikuwa na imbenge, kifuniko kidogo mfano wa kisahani, kinachowekwa juu ya ukhamba, chungu cheusi cha mviringo ambacho Wazulu hunywea utshwala, pombe yao ya mtama. Kazi yake ni ile ya kawa kwa watu wa pwani: hukinga vumbi na wadudu, na humwonyesha mgeni kwamba ameandaliwa. Imbenge ilisukwa kwa nyasi na majani ya ilala, jamaa ya mikoma yetu. Msusi huanza na kitovu katikati, akazungusha kishungi cha nyasi kwenda nje huku akikishona kwa ukuti, duru baada ya duru. Kwa hiyo kikapu cha waya chenye kitovu na duru za namna hiyo kinaonyesha mkono uliofundishwa na nyasi, au uliofundishwa na mtu wa nyasi.

Wala waya haukuingia huko pamoja na simu. Shaba ilikuwa ikifika katika ufalme wa Wazulu kupitia Ghuba ya Delagoa, palipo Maputo leo, na Mfalme Dingane, aliyetawala kuanzia 1828 hadi 1840, aliwatunuku wakubwa wake ingxotha, bangili pana na nzito ya shaba. Nyaya nyembamba za shaba zilisukwa kuzunguka fimbo, marungu na vyombo vya ugoro. Ziangalie sana hizo fimbo, maana vikapu vyetu vimetokana nazo.

Katika miaka ya ubaguzi wa rangi, sheria za pasi, yaani vibali vya kutembea, ziliwaruhusu wanaume Waafrika kukaa mijini kama vibarua tu, familia zikibaki vijijini. Wazulu wengi walipata kazi ya ulinzi wa usiku katika viwanda na majengo ya Durban na Johannesburg. Mlinzi ana fimbo yake, na usiku ni mrefu. Kufikia miaka ya 1960 walinzi hao walikuwa wakiokota mabaki ya nyaya za simu na kuzisukia kwenye fimbo zao, kama wazee walivyofanya kwa shaba. Kutoka kwenye fimbo wakaenda kwenye izimbenge (wingi wa imbenge). Elliot Mkhize, aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku, ni miongoni mwa mabingwa wa kwanza kujulikana kwa jina. Nalisisitiza hili kwa sababu wauzaji hupenda kunadi kila kikapu kuwa "kazi ya kale ya kina mama wa kijijini". Mizizi yake iko mjini, kwa wanaume waliotenganishwa na nyumba zao, na mwenye kikapu anastahili kulijua hilo.

Baada ya umbo nasoma waya, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Waya wa simu una shaba nyekundu ndani na ganda la plastiki nje. Kebo moja hubeba jozi nyingi za nyaya, na rangi za maganda ndizo humsaidia fundi asizichanganye. Nyaya nyingine huwa na mistari au vipete vya rangi ya pili. Msusi wa mwanzo alisuka kwa alichokipata. Katika vikapu vya zamani naziona alama hizo za fundi, naona vipande vifupi vilivyoungwa mara kwa mara, na wakati mwingine rangi inayokatika katikati ya nakshi ya nyota na kumaliziwa na nyingine inayokaribiana nayo. Huvitazama kwa lenzi upande wa nyuma, ambako ncha zimefichwa. Baadaye soko lilipokua, mabaki hayakutosha, na wizi wa nyaya za simu ukawa tatizo. Wasusi wakaanza kupata waya mpya kutoka viwandani, wa rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Kikapu chenye rangi nyingi kali, zisizo na alama yoyote, kwa kawaida nakiweka miaka ya 1990 au baada ya hapo.

Halafu nachukua sumaku ndogo. Kuna mitindo miwili. Katika ule wa waya mgumu, waya wa simu huzungushiwa waya wa chuma unaoshika umbo, na sumaku hunasa popote. Katika ule wa waya laini, nyaya husukwa juu ya kalibu, mara nyingi bakuli la kawaida, na sumaku hunasa ukingoni tu, ikiwa ukingo umetiwa chuma.

Picha nazo husaidia. Duru, nyota na pembetatu zinafanana na kazi za shanga. Nyumba, wanyama, ndege na watu vilishamiri baadaye, hasa pale wanawake wengi walipoingia katika kazi hii, wakiwamo wa Siyanda, makazi ya watu maskini kaskazini mwa Durban. BAT Centre, kituo cha sanaa kilichofunguliwa Durban mwaka 1995, kiliwapa wasusi mahali pa kufanyia kazi na kuuza. Tangu hapo majina yanaonekana mara nyingi zaidi kwenye vikapu, na mwaka 2024 Museum of International Folk Art ya Santa Fe, Marekani, ilifungua maonyesho makubwa ya sanaa hii.

Kikapu kilicho mezani kwangu sasa kina waya mgumu, nyota ya ncha nane, vipete vyeupe kwenye nyaya za buluu, na maungio mengi mgongoni. Kwenye kadi yake nimeandika: "Imbenge ya waya wa simu, KwaZulu-Natal, kabla ya 1990, waya wa mabaki." Huenda jina la msusi lilikuwapo, kwa sababu nimekuta kipande cha uzi kilichofungiwa lebo, na lebo imekatwa. Labda mtu aliona inaharibu sura. Hilo linaniuma kuliko ufa wowote wa plastiki.

Ukinunua kipya, muulize msusi jina na mahali anapoishi, uandike kwa penseli kwenye karatasi, na uifunge kwa uzi wa pamba. Usitumie gundi, huweza kuila plastiki na kuacha doa lisilotoka.