Ctrl+C haina virusi

Msimu wa korosho ukianza hapa Mtwara, kompyuta yangu huwa ya ukoo mzima. Juzi binamu yangu, anayesaidia hesabu za chama cha msingi, alikuwa ameacha programu ijumlishe kilo za magunia kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Akataka kunakili namba moja, akabonyeza Ctrl+C, programu ikafa. "Kaka, mashine yako ina virusi."

Dhana: Ctrl+C ni ya kunakili, isiponakili terminali ni mbovu.

Ukweli: kwenye kompyuta za kampuni ya DEC za miaka ya 1960 Ctrl+C tayari ilikuwa ya kukatisha programu, na terminali za leo zimerithi hivyo. Kwenye terminali ya GNOME (mazingira ya madirisha na menyu ya Linux) unanakili kwa Ctrl+Shift+C, na unaweza kubadilisha kwenye mipangilio. Anayetumia kitty, terminali nyingine, aongeze mstari huu kwenye faili lake la mipangilio, kitty.conf:

map ctrl+c copy_or_interrupt

Ukiwa umechagua maandishi, yananakiliwa. Kama hujachagua, programu inakatishwa. Binamu hajanilalamikia tena.

Dhana: kitufe chochote hukubali kazi yoyote, popote utakapoipanga.

Ukweli: hapa ndipo watu hupoteza usiku mzima. Kwa desturi, terminali haipelekei programu iliyo ndani yake vitufe, inaipelekea herufi. Ctrl+I hufika kama Tab, namba 9. Ctrl+M hufika kama Enter, namba 13. Ukiipa Ctrl+I kazi mpya ndani ya shell (programu inayopokea amri unazoandika), Tab nayo imebadilika, na hutajua nani kakuroga. Terminali yenyewe lakini huona kitufe kabla hakijageuzwa herufi, kwa hiyo mpango huo uweke kwenye mipangilio yake. Hata hivyo si ya kwanza kwenye foleni: mazingira ya kompyuta, kama GNOME, hupokea kwanza, kisha terminali, ndipo shell au programu. Ni kama mtumbwi ukitia nanga: aliyetangulia ndiye anayechagua samaki aina ya changu, wa nyuma hupata kilichobaki.

Dhana: terminali ikiganda, zima kompyuta.

Ukweli: mara nyingi umegusa Ctrl+S, inayosimamisha maandishi yasitoke. Bonyeza Ctrl+Q yaendelee. Usipoitaka kabisa, weka stty -ixon kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya shell iitwayo bash. Nilimwambia binamu haya kwa simu, mkono wake ukiwa tayari kwenye swichi ya ukutani.