Kitanzi kulingana na kipimo si uthibitisho wa modeli

Kati ya wanafunzi wa umeme hapa Lubumbashi kuna imani sugu: ukipima kitanzi cha histeresisi cha kiini cha transfoma (mkunjo unaoonyesha jinsi usumaku wa chuma unavyochelewa kufuata uga wa sumaku unaopanda na kushuka), ukarekebisha vigezo vya modeli kwenye kompyuta hadi mikunjo miwili ilaliane, modeli imethibitishwa. Sivyo. Hapo ni kama kumtahini mtu kwa maswali yale yale aliyofanyia mazoezi.

Modeli ya Jiles-Atherton, mojawapo ya modeli za hesabu za histeresisi, ina vigezo vitano, na vitano vinatosha kukumbatia kitanzi kikubwa kimoja vizuri mno. Ila ukigeuza uga kabla chuma hakijashiba sumaku, modeli hiyo katika umbo lake la awali huchora vitanzi vidogo visivyofunga. Pengine usumaku huendelea kupanda ilhali uga umeanza kushuka, jambo ambalo chuma halisi hakifanyi. Jaribio la haki hutumia data ambayo modeli haijaiona: vitanzi vidogo, masafa yasiyo Hz 50 ya mtandao wetu, mawimbi yaliyochafuka. Hayo ya mwisho si anasa Katanga. Laini ya Inga hadi Kolwezi hubeba mkondo mnyoofu (DC), na vigeuzi vyake huzalisha harmoniki, yaani mawimbi ya masafa ya juu yanayochafua wimbi la msingi.

Kipimo nacho kina yake. Kwenye fremu ya Epstein, kifaa sanifu cha kupimia usumaku wa mabati ya chuma, B (msongamano wa sumaku ndani ya chuma) hupatikana kwa kuintegreti, yaani kujumlisha kadiri muda unavyopita, volti ya koili ya pili, hivyo kosa dogo la sifuri hukusanyika na kitanzi kikahama. Hata urefu wa njia ya sumaku, mita 0.94, ni wa makubaliano tu. Anayelaumu modeli kwanza aikague meza yake ya vipimo.