"Wote hao wamejidunga": yanayosemwa Malindi kuhusu mbio za baiskeli

Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za Italia, ikifika mwezi Mei, migahawa ya Waitaliano hapa Malindi huwasha runinga, na madereva wa tuktuk wanaosubiri abiria nje huchungulia. Mlima ukianza tu, hukumu inatoka: "Wote hao wamejidunga," yaani wametumia dawa za kuongeza nguvu. Shaka yenyewe siilaumu, mchezo huu umejitakia. Taabu ni hadithi zinazoongezwa juu yake.

"Pantani alikutwa na dawa." Ukitaka kumkasirisha Mtaliano mzee, anzia hapa. Tarehe 5 Juni 1999, Mtaliano Marco Pantani akiongoza Giro, alipimwa damu asubuhi huko Madonna di Campiglio. Seli nyekundu, zile zinazobeba oksijeni, zilikuwa asilimia 52 ya damu yake. Kikomo kilikuwa 50. Akaondolewa. Kipimo kile hakikutafuta dawa yoyote, kiliangalia wingi wa seli tu. Kipimo cha EPO, homoni inayoufanya mwili uzalishe seli hizo, kilikuja kutumika Olimpiki ya Sydney, 2000. Kwa hiyo Mtaliano wetu ana haki ya kubisha, ila asishangilie mapema: ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2013 ilionyesha kwamba mkojo wa Pantani wa Tour de France (mbio za Ufaransa) ya 1998, ulipopimwa upya, ulikuwa na EPO. Mwenyewe alishafariki 2004.

"Asiyenaswa ni msafi." Mmarekani Lance Armstrong alipimwa mara nyingi akapita. Kilichomwangusha hasa ni ushahidi wa wenzake. 2012 akavuliwa mataji yote 7 ya Tour, na Januari 2013 akakiri mbele ya Oprah Winfrey. Kwa kuwa vipimo vya dawa hupitwa hivyo, tangu 2008 kuna pasipoti ya damu, inayolinganisha damu ya mtu na damu yake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Dawa ikishatoweka mwilini, alama yake bado inaweza kuonekana.

"Anayekwenda kasi kuliko wale wa zamani lazima katumia." Baiskeli zimebadilika, nguo pia, na siku hizi mtu hula gramu 90 za wanga au zaidi kwa saa akiwa juu ya kiti. Kasi inatosha kukufanya uulize, haitoshi kuhukumu. Mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alimwagiwa mkojo barabarani na mtazamaji mwaka 2015. Shauri lake la salbutamol, dawa ya pumu, lilitokana na Vuelta (mbio za Hispania) ya 2017 na likafungwa Julai 2018 bila adhabu. Kijiweni bado anaitwa mwizi.

"Wanaficha mota ndani ya baiskeli." Hili nilidhani ni porojo, kumbe lina mfano. Mwaka 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni huko Zolder, Ubelgiji, baiskeli iliyoandaliwa kwa Mbelgiji Femke Van den Driessche ilikutwa na mota. Alifungiwa miaka 6. Nilipomsimulia fundi baiskeli mmoja wa huku, hakujali adhabu. Alitaka kujua betri ilikaa wapi. Ilikuwa pamoja na mota, ndani ya bomba la kiti, na swichi ilifichwa chini ya utepe wa usukani.