Skrabu za ngozi: ipi inasugua, ipi inajeruhi, na kwa nini weusi hautoki kwa kusuguliwa

Skrabu ni nini, na ina kazi gani?

Ni kitu cha kuondoa seli zilizokufa juu ya ngozi. Nyingine hukwangua kwa punje, kama sukari, chumvi au maganda yaliyosagwa. Nyingine hulegeza seli hizo kwa asidi, bila kusugua. Ngozi yenyewe hujivua kila siku: kwa kijana, seli inayozaliwa chini huchukua takriban siku 28 kupanda juu na kubanduka, na umri ukisonga siku huongezeka. Kwa hiyo skrabu ni msaada mdogo tu. Asiyeitumia kabisa hajapungukiwa na kitu kiafya.

Punje zipi ni salama, zipi si salama?

Angalia umbo la punje kabla ya kuangalia jina zuri kwenye kopo.

Sukari ina kona, lakini maji huiyeyusha, hivyo makali yake hupungua kadiri unavyosugua. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Chagua ile laini, na itumie mwilini zaidi kuliko usoni. Chumvi ni kali kuliko sukari, hukausha, na huchoma kwenye kila mkwaruzo, hata ule usiouona. Iache kwa nyayo na viwiko, na usiiguse siku uliyonyoa.

Makapi ya kahawa hayayeyuki. Ukisugua dakika mbili, unamaliza na makali yaleyale uliyoanza nayo. Na usinunue skrabu ya kahawa kwa kuahidiwa kwamba itaondoa michirizi ya mapajani. Michirizi iko kwenye tabaka la ndani ambalo punje haifiki.

Maganda ya jozi na kokwa za aprikoti zilizosagwa ndizo tusizozipenda kabisa usoni. Zikisagwa hupasuka ovyo, na punje moja inaweza kuwa na ncha tatu zilizochongoka. Kwenye orodha ya viambato utayakuta kwa majina ya Kilatini: Juglans regia kwa jozi, Prunus armeniaca kwa aprikoti. Jina likifuatiwa na neno linalomaanisha unga wa ganda au wa kokwa, rudisha kopo. Likifuatiwa na neno la mafuta, hilo ni jambo jingine, wala halikwaruzi.

Punje za nta ya jojoba na za selulosi hutengenezwa zikiwa mviringo, hivyo huteleza juu ya ngozi. Kwa uso, hizo ndizo za kuanzia. Unga laini wa oti husugua kidogo sana, ila hutuliza muwasho. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliutambua kuwa kinga ya ngozi. Mwenye ngozi kavu inayowashwa atafaidika nao kuliko na punje yoyote.

Punje za plastiki, zinazoandikwa "polyethylene", ni laini lakini huishia mitoni na baharini. Marekani ilipitisha sheria ya kuzikataza mwaka 2015, na Uingereza ilizipiga marufuku mwaka 2018. Jiwe la kusugulia miguu, kama jina lake lilivyo, ni la visigino.

Na limau na soda ya kuokea?

Hapana, vyote viwili. Ngozi ina uchachu kidogo: pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikiwa kidogo uchachu ni mkali zaidi, iko karibu na 5. Maji ya limau yana pH ya takriban 2, na soda ya kuokea iko juu ya 8. Kimoja kinaunguza, kingine kinavuruga kinga ya asili inayozuia vijidudu na kushika unyevu. Limau na ndimu zina hatari ya ziada: zina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huleta malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki hata miezi. Watu wanapaka limau kuondoa madoa, wanakwenda juani, wanarudi na madoa mapya yenye michirizi pale maji ya limau yalipotiririkia. Acheni hili.

Asidi zinazouzwa kwenye chupa ni afadhali?

Mara nyingi ndiyo, ukisoma kiwango chake. Asidi ya glaikoliki ina molekuli ndogo kuliko wenzake, hupenya upesi, na huchoma zaidi. Asidi ya laktiki ni ya upole kuliko hiyo na husaidia kushika unyevu. Ya mandeliki ina molekuli kubwa na hupenya polepole, hivyo inafaa ngozi inayoweka alama kwa urahisi. Glukonolaktoni ni ya upole zaidi. Asidi ya salisiliki huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya matundu yaliyoziba. Kwa mwenye chunusi, dawa yenye asilimia 0.5 hadi 2 ina kazi kuliko kopo lolote la punje. Asiyepatana na aspirini asiitumie, na mjamzito asiipake sehemu kubwa ya mwili.

Kwa asidi kama glaikoliki na laktiki, matumizi ya nyumbani yasizidi asilimia 10, na pH isiwe chini ya 3.5. Chupa za asilimia 30 au 70 ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa. Asidi ya glaikoliki huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, na hali hiyo huendelea hadi wiki moja baada ya kuacha. Bila krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, usianze.

Ikiwasha au kuchoma si ndiyo inafanya kazi?

Hapana. Kuchoma ni ngozi kuumia. Mchonyoto mdogo wa sekunde chache kwa asidi unavumilika. Moto unaodumu zaidi ya dakika moja unaoshwa mara moja kwa maji mengi. Ikiwa ni asidi kali na ngozi imebadilika rangi au imetoa lengelenge, weka chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Madoa meusi yangu yanahitaji skrabu kali kiasi gani?

Hayahitaji skrabu. Madoa meusi hayatoki kwa kusuguliwa. Rangi ya ngozi hutengenezwa chini kabisa ya tabaka la nje, na ngozi ikijeruhiwa rangi hiyo huzidi, nyingine ikishuka hata chini zaidi. Punje inagusa seli zilizokufa juu tu. Kabla haijaifikia rangi, itakuwa imefika kwenye damu.

Na kila mchubuko, kwa ngozi nyeusi hasa, huponea kwenye doa. Unasugua doa, unapata jeraha, jeraha linaacha doa kubwa zaidi, unatafuta kitu kikali zaidi. Huu ndio mzunguko unaojaza kliniki za ngozi.

Lakini nikisugua naona uso umetakata.

Umelainika, hujatakata. Seli zilizokauka zikiondoka, mwanga huakisi vizuri na uso hung'aa siku mbili tatu. Subiri wiki mbili uone mashavuni. Doa la juu juu hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa ukiliacha na kulikinga na jua; lililoshuka chini laweza kukaa miaka. Kusugua hakufupishi hata siku moja.

Na vile vinyuzi vya nongo vinavyoviringika?

Ni seli zilizokufa, jasho na mafuta. Vitapatikana kila siku, hata kwa mtu safi kabisa, kwa sababu ngozi haiachi kujivua. Kwenye jeli nyingine za kuondoa nongo, sehemu kubwa ya vinyuzi hivyo ni jeli yenyewe iliyoganda. Visiwe kipimo cha usafi wako.

Shingo yangu imekuwa nyeusi na nene, nasugua kwa brashi haiishi. Nifanye nini?

Weka brashi chini. Tunasisitiza hili kuliko yote: weusi wa shingo, kwapa au kinena wenye mikunjo minene inayoguswa kama mahameli si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, imezidi mwilini, hali inayotangulia kisukari cha aina ya pili. Wengi hufika wakiwa wamesugua shingo mwaka mzima, kwa dodoki, jiwe, hata waya wa kusugulia sufuria. Shingo imechubuka, na sukari haijawahi kupimwa.

Pima sukari asubuhi kabla ya kula. Kiwango cha 7.0 mmol/L au zaidi, kikirudiwa na kuwa hivyo tena, ni kisukari. Ikiwa chini ya hapo usijipongeze mapema, maana alama hii huweza kutangulia miaka kadhaa kabla sukari haijapanda. Uzito ukipungua na insulini ikatulia, weusi hufifia. Brashi haina sehemu katika matibabu hayo.

Nina chunusi. Nizisugue zikauke?

Usizisugue. Chunusi ni uvimbe ndani ya tundu la unywele; punje hupasua ukuta wa tundu hilo na kusambaza uvimbe pembeni. Kama unatumia adapaleni, tretinoini au vidonge vya isotretinoini, acha skrabu zote. Vivyo hivyo mwenye ukurutu, ngozi iliyoungua na jua, makovu yanayovimba, au anayepaka krimu za kujichubua. Ngozi iliyopunguzwa unene na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayotiwa kwenye baadhi ya krimu hizo, huchanika kwa kuguswa tu.

Nikitaka kutumia, nitumie vipi?

Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usubiri siku mbili. Kwa uso, lowanisha kwa maji ya uvuguvugu, chukua nusu kijiko cha chai, zungusha kwa ncha za vidole kwa sekunde 30, kisha suuza. Nguvu isizidi ile unayotumia kugusa kope zako. Usikaribie macho wala midomo. Kausha kwa kugusagusa na taulo, na upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Uso mara moja kwa wiki, mwili mara mbili. Usichanganye punje na asidi siku moja.

Ukitengeneza nyumbani, vijiko viwili vya sukari laini kwa kijiko kimoja cha mafuta vinatosha. Tengeneza ya siku hiyo tu. Mchanganyiko unaoingia vidole vyenye maji mara kwa mara huota vijidudu. Na angalia sakafu ya bafu, maana mafuta huteleza.

Nimeshachubuka. Nisubiri hadi lini?

Acha skrabu, asidi na sabuni kali leo. Osha kwa maji, paka mafuta mazito yasiyo na manukato, kinga na jua. Kama baada ya wiki mbili haijatulia, nenda ukaonwe.

Usisubiri wiki mbili, nenda siku hiyohiyo, ukiona usaha, gamba la rangi ya asali, uvimbe wenye joto unaosambaa, homa, au kuvimba karibu na jicho. Vijidudu vilivyoingia kwenye mchubuko huenea kwa saa. Usifike ukiwa umeshapaka steroidi ya jirani. Huficha wekundu huku maambukizi yakiendelea chini. Beba na kopo la skrabu, ili anayekuhudumia asome viambato vyake.

Mwanangu ana miaka 11, shingo yake nyeusi, shuleni wanamwambia haogi.

Usimsugue, wala usimgombeze. Mtoto huyu anaoga. Mpeleke apimwe uzito, urefu, shinikizo la damu na sukari, na umwambie mwalimu wake kwamba huo si uchafu.