Je, wajua kwa nini mshono hubaki mweupe ukiitia nguo rangi?

Shati jeupe la pamba limegeuka manjano kwapani, miezi sasa linaning'inia tu kabatini. Unanunua poda nyeusi, unalichovya kwenye beseni, unakoroga saa nzima, unalianika. Rangi imekolea vizuri, lakini mistari ya mshono inang'aa kuanzia kola hadi pindo, kana kwamba fundi amepita juu yake na chaki. Wengi hapo hulaumu poda, na poda haina kosa.

Rangi ya ukuta hulala juu ya kitu na kukauka. Rangi ya nguo lazima iingie ndani ya uzi ikapate pa kujishikiza. Sasa, shati ni la pamba, ila uzi wa cherehani siku hizi mara nyingi ni poliesta, kwa kuwa ni imara. Pamba hunywa maji na kuvimba, rangi ikaingia nayo. Poliesta ni plastiki ileile ya chupa za maji, na maji huteleza juu yake. Viwandani huitia rangi ya aina nyingine kabisa, ndani ya mitambo iliyofungwa, kwenye joto la nyuzi 130 hivi, ili uzi ulegee na rangi ipenye. Sufuria ya jikoni haivuki nyuzi 100.

Kwa hiyo kabla ya kununua poda, soma lebo. Kama lebo imekatwa, kama ilivyo kwa mitumba mingi, chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe ndani ya pindo uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu.

Poda nyingi za pamba zinazotumia maji yasiyochemshwa ni za kundi lililoingizwa sokoni mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza. Hizi huungana na pamba kikemia, lakini zinahitaji wasaidizi wawili ambao watu huwachanganya. Wa kwanza ni chumvi. Ndani ya maji, pamba na rangi zote hubeba chaji hasi, hivyo husukumana. Chumvi hupunguza ugomvi huo na rangi inaisogelea nguo. Wa pili ni magadi soda, kama yale yanayovunwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Hayo ndiyo hufunga ndoa yenyewe. Chumvi peke yake haifungi kitu, na mama zetu wanisamehe: kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi hakuizuii kuchuja.

Tahadhari moja: magadi hula alumini, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Tumia beseni la plastiki, vaa glavu, na beseni hilo lisirudi tena kwenye unga wa chapati.

Jambo jingine linalowakera watu ni rangi kutotoka waliyoitaka. Rangi hizi hupitisha mwanga, kwa hiyo ya zamani huonekana chini ya mpya. Gauni la njano ukilichovya kwenye bluu, utavaa kijani. Hakuna poda ya kuifanya nguo nyeusi iwe ya waridi, na doa la mafuta litabaki doa, maana mafuta huizuia rangi kuingia. Nyeusi nayo hutaka poda maradufu, la sivyo utapata kijivu cha huzuni.

Na ule mshono? Ukishona nguo mpya unayojua utaichovya, mpelekee fundi uzi wa pamba. Kwa shati lililokwisha shonwa, ama uivae mistari yako kama mtindo, ama utafute maka peni nyeusi na jioni nzima isiyo na wageni.